Kisu au leza? Mwanangu, anzeni na swali jingine

Mwanangu wa Tanga, barua yako ni ndefu, lakini nikiichuja nabaki na haya. Mama yenu, mwalimu mstaafu wa miaka 71, jicho lake la kushoto lina doa la kiza katikati tangu mwaka jana. Sasa, kwa jicho la kulia, ameanza kuona fremu ya mlango imepinda. Kliniki mliyokwenda wameandika kwenye karatasi kwamba ni ugonjwa wa makula unaoletwa na umri, wakawapa rufaa. Tangu siku hiyo nyumba haina amani. Kaka yako mkubwa anataka leza na yuko tayari kuuza shamba la Muheza ili mama apelekwe India. Dada yako ameshikilia upasuaji, kwa sababu jirani yenu alipasuliwa jicho na baada ya siku chache akawa anasoma gazeti. Wewe uko naye mama nyumbani, wewe ndiye unayemshika mkono kwenye ngazi, na unaniuliza: kati ya kisu na leza, kipi bora?

Halafu mwishoni kabisa, kwa mistari miwili tu, umenidokeza kwamba mama anaona watoto wadogo waliovaa nguo za rangi wamekaa ukutani, na kwamba mama yenu mdogo ameanza kunong'ona habari za majini. Hilo nalo nitalijibu. Silisahau.

Lakini lipo jambo ambalo haliwezi kungoja, kwa hiyo nalisema mwanzo. Kama mistari iliyonyooka imeanza kupinda siku hizi katika jicho la kulia, huenda kuna kitu kinavuja nyuma ya jicho hilo sasa hivi. Rufaa mliyonayo mkononi itumieni wiki hii hii. Kikao cha ukoo kinaweza kusubiri, jicho hilo haliwezi. Katika ugonjwa huu wiki chache zinaweza kuwa tofauti kati ya mtu anayesoma na mtu asiyesoma.

Sasa tuzungumze.

Nianze na dada yako, kwa sababu hoja yake ina mantiki kwa mtu aliyeshuhudia. Jirani yenu alikuwa na mtoto wa jicho. Hiyo ni lenzi iliyo mbele ya jicho kuingia ukungu. Daktari huitoa, akaweka lenzi ya bandia, mwanga ukapita tena, na mgonjwa akaona. Ni upasuaji wenye matokeo mazuri sana, na ndiyo maana kila mtu mtaani anadhani jicho likipasuliwa linapona. Tatizo la mama lipo nyuma kabisa, kwenye retina, ule utando unaopokea picha. Katikati ya retina kuna eneo dogo la milimita tano hivi, ndilo makula. Hapo ndipo tunaposomea, tunapotungia uzi sindano, tunapotambulia sura ya mtu. Makula ikichakaa, hakuna lenzi ya kubadilisha. Inawezekana mama ana mtoto wa jicho pia, wazee wengi wana vyote viwili, na kumtoa kunaweza kumwongezea mwanga. Lakini doa la katikati halitaondoka kwa upasuaji huo, na mkienda mkitarajia liondoke, mtarudi nyumbani na majonzi.

Sasa mwanangu, tuje kwenye swali lenu lenyewe. Mnabishana kisu au leza, na hakuna kati yenu aliyeuliza mama ana aina gani ya ugonjwa. Kuna mbili. Ya kwanza ni aina kavu, ambayo ndiyo ya wengi. Chini ya retina hujikusanya vidoa vya njano viitwavyo druseni, na pole pole, kwa miaka, chembe za kuonea hudhoofika na kufa. Ya pili ni aina ya majimaji. Hii huwapata wachache, lakini ndiyo inayopofusha kwa kasi. Mishipa mipya ya damu, dhaifu na isiyotakiwa, huota chini ya makula, ikaanza kuvuja maji na damu. Fikiria bomba limepasuka chini ya sakafu ya sebule: maji yanasukuma vigae kutoka chini, vinainuka, na mstari uliokuwa umenyooka unaonekana una tumbo. Ndivyo fremu ya mlango wa mama inavyopinda. Mlango uko sawa, kilichoinuka ni retina. Kwa hiyo dalili hiyo inanifanya nihofie aina ya majimaji kwenye jicho la kulia. Lakini mimi si daktari wa mama, na barua haipigi picha. Jibu litatoka kwenye mashine.

Kaka yako anasema leza. Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu leza ina historia ya kweli katika ugonjwa huu na sitaki umkatize kana kwamba amebuni.

Mwaka 1979 Marekani walianza utafiti mkubwa wa kuichoma hiyo mishipa inayovuja kwa leza ya moto. Matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 1982, nayo yalikuwa habari njema kwa wakati ule. Kwa wagonjwa ambao mishipa yao ilikuwa pembeni kidogo, si katikati hasa ya makula, baada ya mwaka mmoja na nusu waliopoteza uoni vibaya walikuwa robo kwa waliochomwa, na asilimia 60 kwa walioachwa bila matibabu. Lakini rudi kwenye sebule yetu. Leza ya moto haipiti chini ya kigae ikaliziba bomba peke yake, inachoma na kigae kilicho juu. Kila palipochomwa hubaki kovu lisiloona. Mshipa ukiwa pembeni, mgonjwa anaweza kuishi na kovu hilo. Ukiwa chini ya kitovu cha makula, na kwa wagonjwa wengi ndiko ulipo, leza yenyewe inamwondolea mgonjwa uoni aliokuwa nao siku hiyo hiyo. Na zaidi ya nusu ya waliochomwa, mishipa iliota tena ndani ya miaka mitano.

Ndipo ikaja leza ya pili, ya baridi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2000. Mgonjwa hutundikiwa dripu ya dawa iitwayo verteporfini kwa dakika kumi, dawa inatembea na damu hadi kwenye ile mishipa mibaya, kisha jicho linamulikwa kwa sekunde 83. Mwanga unaiamsha dawa, dawa inaziba mishipa, na retina ya juu inanusurika kuungua. Baada ya hapo mgonjwa hukaa mbali na jua kwa siku kadhaa, maana dawa bado imo mwilini. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini kwa wengi ilichofanya ni kupunguza mwendo wa kupoteza, si kurudisha kilichopotea.

Na kuna jaribio la tatu ambalo kaka yako anapaswa kulijua kabla hajamtafuta dalali wa shamba. Watafiti walijiuliza: mbona tusiwapige leza hafifu wenye aina kavu mapema, vile vidoa vya njano viyeyuke, tuzuie balaa kabla halijaja? Vidoa vilipungua kweli. Lakini utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2006, ambao kila mgonjwa alipigwa leza jicho moja na jingine likaachwa, ulionyesha baada ya miaka mitano kwamba macho yote mawili yalikuwa yamepoteza sawasawa. Kwa hiyo mtu yeyote, awe hapa nyumbani au ng'ambo, akiwaambia kwamba atamsafisha mama makula kavu kwa leza na ataona tena, fungeni mkoba mwondoke.

Na kisu? Hicho nacho kilijaribiwa, na watu hodari kweli kweli. Robert Machemer, daktari mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Marekani, ndiye aliyefungua njia ya upasuaji wa ndani ya jicho tunaoutumia hadi leo. Mwaka 1993 yeye na mwenzake walieleza upasuaji wa ajabu: kuikata retina mzunguko mzima, kuiinua, na kuizungusha ili makula itoke juu ya mishipa mibovu na kukaa mahali palipo pazima. Retina ikishazungushwa, mgonjwa anaiona dunia imelala upande, kwa hiyo hupasuliwa tena misuli ya jicho ili kulizungusha jicho zima kufidia. Wachache walirudi kusoma. Wengine walipata retina iliyobanduka na makovu, wakapoteza hata kile kidogo walichokuwa nacho.

Wakajaribu pia njia fupi zaidi: kuingia chini ya retina na kuing'oa ile mishipa. Utafiti wake Marekani ulianza mwaka 1997 na kutoa majibu mwaka 2004. Wagonjwa 454 waligawanywa, nusu wakapasuliwa, nusu wakaangaliwa tu bila kuguswa. Baada ya miaka miwili, macho yaliyobaki yalipokuwa au kupata nafuu yalikuwa asilimia 41 kwa waliopasuliwa, na asilimia 44 kwa ambao hawakuguswa. Usome tena mstari huo, kisha mpe dada yako ausome. Watu waliingia chumba cha upasuaji, wakavumilia, wakalipa kwa maumivu na hofu, na hawakuwazidi waliobaki nyumbani.

Kwa hiyo, mwanangu, swali lenu madaktari wa dunia nzima wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka ishirini. Hamjauliza upuuzi. Mmeuliza swali lililokuwa sahihi enzi za ujana wako, na ambalo jibu lake lilibadilika mwaka 2006.

Kilichobadilisha ni sindano. Mwanasayansi Napoleone Ferrara na wenzake huko California walitambua protini ambayo mwili huitumia kuotesha mishipa ya damu. Jicho lenye ugonjwa wa majimaji huwa na protini hiyo kupita kiasi. Ikatengenezwa dawa ya kuizuia, ranibizumabu, ikaidhinishwa mwaka 2006. Mwaka huo huo ukachapishwa utafiti ulioishindanisha na ile leza ya baridi, uso kwa uso. Baada ya mwaka mmoja, wagonjwa 95 hivi katika kila 100 waliochomwa sindano walikuwa hawajapoteza uoni kwa kiwango kikubwa. Kwa leza walikuwa 64. Tena kwenye kipimo kilichokuwa kikubwa zaidi, wagonjwa hadi 40 katika 100 walipanda mistari mitatu au zaidi ya ule ubao wa herufi. Kwa leza walikuwa sita. Hapo ndipo ubishi wa kisu na leza ulipoisha kwa wagonjwa wengi wa aina ya majimaji. Kama mama ana aina hiyo, jibu la swali lenu ni hili: si kisu, si leza. Ni sindano, na ni mapema.

Najua neno hilo limekushtua. Sindano kwenye jicho! Mama akilisikia bila maelezo atajifungia chumbani, kwa hiyo mweleze wewe, kwa sauti yako. Hutiwa matone ya ganzi. Jicho na kope husafishwa kwa dawa ya kahawia ya iodini, na hiyo ndiyo inayowasha baadaye kuliko sindano yenyewe. Kope hushikwa kwa kifaa kidogo ili asipepese. Huambiwa atazame juu au pembeni. Sindano nyembamba sana hupita kwenye sehemu nyeupe ya jicho, haipiti kwenye mboni, na dawa huingia kwa sekunde chache. Haioni ikija. Wengi husema wamesikia kama msukumo tu. Anarudi nyumbani siku hiyo hiyo, pengine akiona vijidoa vinavyoelea kwa muda. Hatari kubwa ni jicho kuingia wadudu. Hutokea kwa nadra, chini ya sindano moja katika elfu, lakini ikitokea ni dharura. Jicho likiuma na kuwa jekundu, na uoni ukazidi kufifia siku zinazofuata, mrudisheni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni Ijumaa usiku.

Kuhusu fedha nitakwambia ukweli unaoweza kuliokoa shamba. Ipo dawa nyingine, bevacizumabu, iliyotengenezwa kwa ajili ya saratani ya utumbo. Mwaka 2005 daktari mmoja huko Miami, Philip Rosenfeld, alijaribu kiasi kidogo sana chake ndani ya jicho. Mwaka 2011 utafiti uliogharamiwa na serikali ya Marekani ukaishindanisha na ranibizumabu, na uoni wa wagonjwa ukatoka sawa, ilhali huko dozi ya ranibizumabu ilikuwa dola 2,000 hivi na ya bevacizumabu dola 50 hivi. Tangu 2013 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa kazi hiyo hiyo ya macho. Kwa hiyo mkiambiwa hospitalini kwamba watatumia dawa ya saratani, msitoke mbio. Ulizeni jambo moja tu: chupa yake kubwa hugawanywa katika sindano ndogo ndogo, je, inagawanywa wapi na kwa usafi gani? Daktari mzuri hatachukia swali hilo.

Sasa India. Kuna madaktari bingwa wa retina India, hilo sipingi. Lakini sindano hizi hazichomwi mara moja zikaisha. Huanza na moja kila mwezi kwa miezi mitatu, kisha daktari anapima na kupanga, wakati mwingine kila mwezi, wakati mwingine kila baada ya wiki kadhaa, na mara nyingi kwa miaka. Dawa ikisimamishwa ovyo, mishipa inarudi kuvuja. Shamba la Muheza litampeleka mama India mara moja, pengine mbili. Halitampeleka kila mwezi. Anzeni na penye njia ya kurudi. Kutoka Tanga, hospitali ya KCMC iko Moshi, na Dar es Salaam kuna Muhimbili na CCBRT. Pigeni simu kabla ya safari, mwulize siku za kliniki ya retina, kama dawa ipo, na kama bima ya mama inaihusu.

Mkifika, mama atatiwa matone ya kupanua mboni, kwa hiyo hataona vizuri kwa saa kadhaa na jua litamchoma macho. Nendeni na kofia au miwani ya jua, na asiende peke yake. Watampiga picha kwa mashine ya OCT, inayoonyesha matabaka ya retina na maji yaliyo chini yake bila kumgusa. Pengine watamchoma rangi mkononi ili kuipiga picha mishipa. Ngozi na mkojo vitakuwa vya njano kwa siku moja hivi, msihangaike. Hapo ndipo mtajua. Ulizeni hivi: Jicho la kulia ni kavu au la majimaji? Kama ni la majimaji, sindano ya kwanza lini? Jicho la kushoto lina chochote cha kuokoa, au limebaki kovu? Na kama daktari mwenyewe akitaja leza au upasuaji, mwulize kwa nini hasa, kwa sababu zipo hali chache zinazostahili. Kuna aina ya ugonjwa wa majimaji ambayo mishipa yake huvimba kwa vifundo, huonekana zaidi kwa Waasia na sisi Waafrika kuliko kwa Wazungu, na hapo ile leza ya baridi pamoja na sindano inaweza kusaidia zaidi ya sindano peke yake. Na damu nyingi ikimwagika ghafla chini ya makula, daktari wa upasuaji anaweza kuingia kuisogeza, mgonjwa akalala kifudifudi kwa siku kadhaa. Kwa hiyo kaka yako na dada yako wanaweza kuja kuwa na sehemu ya haki. Lakini mwenye kuamua hilo ni picha ya jicho la mama.

Na ikiwa yote ni kavu? Hapo sitakudanganya. Hakuna kisu wala leza ya kurudisha makula iliyokufa. Marekani mwaka 2023 waliidhinisha sindano mbili za kupunguza mwendo wa aina kavu iliyokomaa, lakini hazirudishi uoni. Vidonge maalumu vya vitamini na zinki, kwa wenye ugonjwa wa kiwango cha kati, vilipunguza kwa robo hivi uwezekano wa kufika hatua mbaya katika miaka mitano. Mwulize daktari kama mama yumo katika kundi hilo, na msinunue mtaani kwa kuambiwa vinaponya. Mchicha, matembele na samaki mpeni, vina faida, lakini chakula pekee hakizibi mishipa inayovuja. Kama kuna anayevuta sigara nyumbani, avute mbali naye, au bora aache, maana sigara huuchochea ugonjwa huu kuliko kitu kingine chochote kilicho ndani ya uwezo wetu, na ninyi ni damu yake. Na tafadhali sana, asitiwe matone ya majani wala asali jichoni. Nimesoma barua nyingi za waliotia.

Sasa nije kwa watoto wa ukutani.

Mama hajarogwa, na akili zake hazijaharibika. Ubongo uliozoea kupokea picha ukinyimwa, huanza kuchora zake. Mwaka 1760 msomi wa Uswisi, Charles Bonnet, aliandika habari za babu yake aliyekuwa amepoteza uoni kwa uzee na akawa anaona watu, ndege na majumba ambayo hayakuwepo, huku akili yake ikiwa timamu kabisa. Hali hiyo hadi leo inaitwa kwa jina la Bonnet, na inawapata wengi wenye ugonjwa wa makula. Sura hizo kwa kawaida hazisemi, mara nyingi ni watu wadogo au waliovaa mavazi ya kupendeza, na mgonjwa anajua moyoni kwamba si za kweli. Wazee wengi hunyamaza kwa kuogopa wataitwa wendawazimu. Mama yako amekwambia wewe. Hiyo ni imani kubwa, usiipoteze. Mwambie: "Mama, hao watoto nimesoma habari zao, ni macho tu, hawana neno." Akipepesa macho, akiyahamisha huku na huku au akiwasha taa, mara nyingi hutoweka. Dua msomeeni, dua ni faraja, lakini asipelekwe kwa mganga akatolewe jini ambalo halipo. Sura zikianza kusema naye au kumwamrisha, au akawa anachanganyikiwa siku na watu, hilo ni jambo jingine na mwambie daktari mara moja.

Umeniuliza pia, kwa namna ya kuzunguka, kama mmechelewa kwa uzembe. Hapana. Jicho moja zima humfichia mwenye nalo maradhi ya jicho la pili. Mama aliendelea kusoma Msahafu kwa jicho la kulia, naye mwenyewe pengine hakugundua mpaka siku alipoliziba kwa bahati. Kuanzia leo mfundishe azibe jicho moja kisha jingine kila asubuhi, atazame fremu ile ile ya mlango, akwambie kama mstari umebadilika. Kosa lingekuwa kujua leo na kukaa.

Na kaka yako, usimdharau. Anayeuza shamba kwa ajili ya macho ya mama yake ana mapenzi, ila ameyaelekeza kwenye tendo moja kubwa linaloonekana. Ugonjwa huu unataka mapenzi ya namna nyingine, ya kurudi kliniki mwezi baada ya mwezi, hata miezi ambayo hakuna kipya cha kusimulia. Watu wengi hupoteza uoni kwa sababu baada ya sindano ya tatu hakukuwa na wa kuwasindikiza. Kwa hiyo mpe kaka kazi inayolingana na moyo wake: nauli na dawa za mwaka mzima ziwe juu yake. Dada ashike ratiba ya kliniki, maana anayeamini hospitali ndiye atakayekumbuka tarehe. Wewe umekuwa mkono wa mama, na wewe pia unastahili kupokewa. Waambie hivyo bila kuona haya.

Lolote daktari atakalosema, mama hatabaki gizani kabisa. Ugonjwa huu hula katikati na kuacha pembeni, hivyo ataendelea kutembea ndani ya nyumba, kumwona kuku akiingia jikoni, kujua nani amepita. Akikutazama sikioni badala ya usoni, hajakupuuza, anakutafuta kwa sehemu ya jicho iliyobaki. Ulizeni huduma za uoni hafifu hapo hapo hospitalini: kioo cha kukuzia, taa nzuri karibu na kiti chake, Msahafu wa maandishi makubwa, simu inayosoma kwa sauti. Mwalimu aliyefundisha watoto wa watu kusoma asiachwe amekaa bila kitabu kwa sababu watoto wake walikuwa wanabishana.

Nakuomba jambo moja la mwisho, ambalo katika barua yako yote sikuliona. Mama mwenyewe anataka nini? Mmejadili macho yake, shamba na safari yake, na hakuna mstari mmoja unaosema amesema nini. Leo jioni kaa naye, mweleze uliyoyasoma hapa, sindano na yote, kisha umwulize anachokihofia zaidi kukipoteza. Pengine ni kusoma, pengine ni kuwaona wajukuu, pengine ni kutokuwa mzigo. Jibu lake mpeni daktari pamoja na ile karatasi ya rufaa, kwa sababu ndilo litakalowaongoza mkifika mahali pa kuchagua.

Mpe mama shikamoo yangu. Na mkishapiga picha ya jicho, niandikie uniambie ni aina gani, tuendelee kutoka hapo.